Kueleza mazingira ya mashine za kujengea: lebo, Dockerfile, Ansible au Nix?

msimbo_safi
Wakuu, salaam. Nina mashine mbili za kujenga na kupima programu, zote zimepewa lebo moja: "linux". Jaribio moja linapita kwenye ya kwanza, kwenye ya pili linagoma. Nimekesha siku mbili nikisoma logi mstari kwa mstari. Kumbe mipangilio ya lugha (locale) haifanani: moja ina LANG=C, nyingine en_US.UTF-8! Jaribio linapanga majina. Kwenye C, "Zawadi" inatangulia "asha" kwa sababu herufi kubwa zote huja kabla ya ndogo. Kwenye ile nyingine "asha" ndiyo ya kwanza. Lebo haikusema lolote kuhusu hilo. Nataka mazingira yote yaandikwe, na maandishi yakae pamoja na msimbo. Mnatumia nini?

kibuyu64
Dockerfile, mkuu. Faili moja yenye maagizo ya kuunda kontena, yaani kifurushi cha programu pamoja na mazingira yake, na kila mwenzako anaisoma. Ila ukiandika FROM debian:latest bado hujaeleza kitu. Lebo hiyo inahama, leo ni imeji hii (kiolezo cha kontena), kesho nyingine. Taja dijesti ya sha256 ya imeji, alama yake ya kipekee isiyohama. Halafu apt-get install bila kutaja toleo inaleta chochote kilichopo siku hiyo. Watu wengi wanaumia hapo.

mama_seva
Sawa, lakini kontena linaazima kerneli (moyo wa mfumo endeshi) ya mashine iliyolibeba. Dockerfile haikuambii ni kerneli gani, wala prosesa ina viini vingapi. Tuliwahi kuwa na jaribio linalofungua nyuzi (kazi zinazokwenda sambamba) kulingana na idadi ya viini: kwenye mashine ya viini 4 shwari, kwenye ya 32 kumbukumbu inaisha katikati. Ndiyo maana mashine yenyewe naieleza kwa Ansible, zana inayosanidi mashine kwa kufuata faili ulizoandika, na kontena linakaa juu ya mashine hiyo. Ansible nayo ina kasoro: inashughulikia ulichokitaja tu. Mtu akiingia kwa ssh akasakinisha kitu kwa mkono, kinabaki humo na hakuna faili inayokijua.

tundu_la_sindano
Nix, zana ya kusakinisha programu, inaziba tundu hilo kwa upande wa programu. Kuanzia kompaila hadi maktaba ya C, kila kitu kina hashi yake (alama ya utambulisho), na faili ya flake.lock inashikilia matoleo. Naipenda sana, lakini sitakudanganya: lugha yake ni ngumu na timu nzima lazima ijifunze. Kwa mashine mbili ningeanza na Dockerfile.

mama_seva
Na hata Nix ukiiweka juu ya Debian, kerneli inabaki ya Debian.

kibuyu64
Vyovyote utakavyochagua, hatua ya kwanza ya kila kazi ichapishe hali halisi kwenye logi: uname -r, locale, date, nproc, toleo la kompaila. Dockerfile inaeleza ulichotaka kiwepo. Jaribio likianguka, unahitaji kujua kilichokuwepo.

msimbo_safi
Asanteni sana. Nimeweka dijesti, LC_ALL=C.UTF-8 na TZ=UTC ndani ya Dockerfile, na majina sasa yanatoka kwa mpangilio mmoja kwenye mashine zote mbili. Nimeongeza pia hatua ya kibuyu64, nikalinganisha logi kwa diff. Ukiacha saa ya date, tofauti moja imebaki: kerneli 5.15 huku, 6.1 kule. Mama_seva, naanza kuandika ya Ansible leo.