Naomba ushauri: nitoe taarifa ya pikipiki za wizi au ninyamaze?

Habari zenu wakuu. Niko hapa Dodoma, nimepanga mtaa mmoja wa pembezoni mwa jiji. Nyumba ya nyuma yetu pikipiki zinaingia usiku zikiwa nzima, asubuhi ni vipande: tanki huku, rimu kule, namba zimeng'olewa. Wengi wa bodaboda hapa wako kwenye mkataba, chombo kikiibwa dereva anabaki na deni la tajiri na watoto wa kulisha.

Kinachonikwamisha ni kituo chenyewe. Jirani aliwahi kupeleka taarifa za wauza bangi, jioni yake wakamfuata wakimrudishia maneno yale yale aliyomweleza askari. Alihama. Na kuna askari namwona akija kwenye hiyo nyumba, wanacheka, anaondoka (labda ni ndugu yao, nisimsingizie mtu).

Najua ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, lakini sheria haitakuwa na mimi mlango ukigongwa saa nane usiku. Mwenyekiti wa mtaa ni mtu mwema ila hana siri. Nawaza kwenda kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, au TAKUKURU kwa namba 113 kama huyo askari anapewa chochote. Kuwaambia bodaboda wenyewe siwezi, watachoma nyumba na mle ndani kuna mama na watoto wadogo.

Aliyewahi kukutana na jambo kama hili, ulianzia wapi, na jina lako lilibaki salama?