Masomo mafupi ya kila siku nyumbani kwa mtoto wa miaka minne na nusu: nianze na lipi?

Mzazi wa Kihonda

Habari zenu wazazi na walimu. Nina watoto wawili, wa kike mwenye miaka minne na nusu na wa kiume anayekaribia mitatu, nasi tunaishi Morogoro. Mkubwa ataanza darasa la awali mwakani katika shule ya serikali iliyo jirani, na hadi wakati huo atakuwa nyumbani pamoja nami na bibi yake, kwa kuwa chekechea iliyopo mtaani inatoza ada ambayo kwa sasa hatuimudu. Ningependa kuutumia muda huu kumfundisha kidogo kila siku. Asubuhi huwa nina maandazi ya kuuza, hivyo muda ninaoweza kuutenga kwa uhakika ni kama nusu saa baada ya chakula cha mchana na kipindi kingine kifupi jioni.

Nimenunua daftari na bango la herufi. Anaziimba herufi zote kwa matamshi ya Kiingereza aliyoyapata kwenye simu, na kwa mdomo anahesabu mpaka ishirini bila kukosea, lakini nikimwekea vizibo vinane vya soda mbele yake anapata kumi, mara nyingine kumi na mbili. Penseli anaishika kwa ngumi na huchoka kabla ya mstari kwisha.

Naomba kujua nianze na lipi kati ya kusoma, kuandika na kuhesabu, somo liwe na urefu gani kwa umri huu, na nimfanyeje mdogo wake, ambaye kila tukikaa huja kuvikusanya vizibo na kuondoka navyo. Ndugu mmoja katika familia ananishauri ninunue vitabu vya mazoezi vya darasa la kwanza ili mtoto afike shuleni akiwa mbele ya wenzake. Je, ni jambo jema?

Mwalimu Mstaafu

Ndugu mzazi, nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, kwa hiyo nitaanza na hilo la vitabu. Fedha hiyo iache kwanza. Tangu mwaka 2015 mtaala wa madarasa hayo mawili umejengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, na hakuna mwalimu mwenye busara anayetarajia mtoto aingie awali akiwa tayari anasoma sentensi. Anachokifurahia mwalimu ni mtoto anayesikiliza maelekezo mawili mfululizo na kuyatekeleza, anayeweza kusema anachohitaji, anayefunga vifungo vyake na kwenda chooni bila kusindikizwa.

Kuhusu kusoma, wimbo wa herufi za Kiingereza usimkataze, lakini usijenge somo juu yake. Mtoto aliyefundishwa kwamba herufi fulani inaitwa "ef" hana msaada wowote anapotakiwa kusoma "fa", kwa sababu kinachosomwa ni sauti ya herufi na siyo jina lake. Kiswahili kimetupa bahati ambayo wazazi wengi hawaitumii: irabu ni tano tu, kila moja ina sauti isiyobadilika, na silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Mtoto akishazijua hizo tano na namna konsonanti inavyoungana nazo, neno lolote la kawaida linafunguka mbele yake bila kukaririshwa.

Kabla ya bango, hata hivyo, anza na masikio. Kwa wiki kadhaa za mwanzo usimwonyeshe herufi hata moja. Mpigishe makofi kwa silabi za maneno anayoyajua. Ma-nda-zi ni makofi matatu, ku-ku ni mawili. Baadaye mpe yale yenye mtego: m-tu ni makofi mawili ingawa linasikika kama neno fupi sana, m-bwa vilevile ni mawili kwa kuwa hapo sauti ya m inasimama yenyewe, lakini katika mbu-zi hiyo m imeshikana na b na haipigiwi kofi la peke yake. Watu wazima wengi hubishana juu ya "mbwa", na watoto hufurahi kuwaona wakibishana. Akishaweza kuligawa neno kwa makofi, muulize neno linaanza na sauti gani, na ni jina la nani nyumbani linaloanza na sauti hiyo hiyo.

Ndipo zije irabu, kisha konsonanti zinazoweza kuvutwa kwa pumzi: m, s na l. Sauti ya m unaweza kuivuta mpaka ikaingia kwenye a, na mtoto akasikia "ma" ikizaliwa. B, d na k haziwezekani hivyo, kwa hiyo zisubiri. Kwa herufi hizo tatu na irabu tano utapata mama, lala, sema, lima, mali, meli, simu, limau na asali, maneno yanayotosha kumpa mtoto furaha ya kusoma kitu chenye maana kabla hajamaliza hata nusu ya alfabeti. Herufi b na d zisifundishwe katika kipindi kimoja, kwa maana zinafanana kama uso na kivuli chake kiooni; ya kwanza ikae imara, ndipo uilete ya pili. Mambo ya ng' na ng, ya ch, sh na ny, waachie walimu wa shule.

Kuandika kuje mwisho, na kusianze na penseli. Mkono unaochoka kwenye mstari mmoja hauna uvivu, hauna nguvu bado, na nguvu hiyo haitokani na daftari. Wewe unapika maandazi: mpe kidonge cha unga akikande na kukisokota kiwe umbo la s au o. Mwache abane nguo kwenye kamba kwa vibanio, amenye karanga, achambue mchele. Kisha tandaza mchanga mkavu kwenye sinia na aandike kwa kidole, herufi ikiharibika unalitikisa sinia na hakuna kosa linalobaki likimtazama. Daktari Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwatengenezea watoto herufi za msasa wazipitie kwa kidole. Sinia la mchanga linafanya kazi iyo hiyo. Chaki nene sakafuni ifuate, na penseli baada ya hapo, ikiwezekana iliyokatwa fupi, kwa sababu kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi na vidole hulazimika kukamata vyenyewe.

Urefu wa somo: dakika kumi za jambo moja zinatosha, mara mbili kwa siku. Nusu saa yako igawanye, sehemu iwe ya sauti na iliyobaki iwe ya mikono. Simamisha somo wakati bado anataka kuendelea. Akianza kugeukageuka umeshachelewa.

Baba wa Likoni

Mwalimu, shikamoo. Mimi niko Mombasa, na huku mtoto wa umri huo angekuwa PP1, darasa la kwanza kati ya mawili ya awali, kwa hiyo tumeyapitia haya nyumbani kwetu. Umeeleza vyema kuhusu kusoma, nami nitajibu upande wa hesabu.

Dada, bintiyo hahesabu vibaya. Anakariri vizuri, na kuhesabu vitu ni stadi nyingine. Mdomo wake unakwenda mbio kuliko kidole. Dawa yake ni kumfanya akihamishe kila kitu: maharagwe yawe kwenye ungo, kikombe kiwe pembeni, na kila anapotaja namba anatia harage moja kikombeni, hataji nyingine mpaka mkono urudi. Akimaliza muulize, "Yako mangapi?" Akianza kuhesabu upya kutoka moja, basi bado hajatambua kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo jumla ya yote, na hilo ndilo somo lenyewe kwa wiki hizo. Usivuke tano mpaka hapo pawe imara. Sita, saba na tisa huwachanganya watoto wengi, nazo zitahitaji kurudiwa kuliko nyingine.

Usimtenge na kazi za nyumba ili "asome". Kumwagiza alete vijiko vitano, mayai matatu na sahani sita ni somo la hesabu na la lugha kwa pamoja, kwa kuwa anasikia jinsi tano inavyobadilika kufuata jina huku sita ikibaki vilevile. Kuandaa mkeka wa chakula kunampa swali halisi: watu ni saba, vikombe ni vitano, vimepungua vingapi? Mchezo wa mdako nao usiudharau, maana mtoto anayerusha kijiwe juu na kutoa vingine shimoni huku akijua abakishe kingapi anafanya hesabu na kuimarisha vidole wakati mmoja.

Jambo lililowasaidia wangu kuliko yote ni sarafu. Huku tunazo za shilingi moja, tano, kumi na ishirini, na mtoto akizoea kubadilisha sarafu tano za shilingi moja kwa moja ya shilingi tano, kisha mbili za tano kwa moja ya kumi, ameanza kuelewa kwamba kitu kimoja kinaweza kusimama badala ya vingi. Kwenu sarafu huanzia thamani kubwa zaidi, hamsini na mia, kwa hiyo kwa umri wake tumia vizibo vya rangi mbili: chekundu kimoja kiwe sawa na vitano vyeupe.

Kwa huyo mdogo, mpe vizibo vyake katika kopo lake na kazi yake ya kupanga kwa rangi, apate naye cha kumaliza. Maharagwe na karanga zisimfikie bila mtu mzima kuangalia. Watoto wa umri huo huvitia puani na masikioni, na vikikwama kooni ni hatari.

Mlezi wa Mtaani

Naheshimu majibu yaliyotangulia, lakini naona mmemjaza mama huyu kazi nyingi wakati nyumbani kwake yumo mwalimu ambaye hamkumtaja. Bibi yupo. Mtoto wa miaka minne na nusu anahitaji maneno kabla ya herufi, kwa sababu atakayesoma "limau" bila kulijua limau hajasoma kitu. Hadithi moja kila jioni, ikifuatiwa na mtoto kuisimulia upya kwa maneno yake, inajenga kumbukumbu, mpangilio wa matukio na usikivu. Vitendawili vinafanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine: ukisema "Nyumba yangu haina mlango", mtoto analazimika kupitisha akilini vitu vyote avijuavyo mpaka alifikie yai. Kama bibi ni mzungumzaji wa Kiluguru, asimulie kwa Kiluguru, kwani mtoto hatapungukiwa Kiswahili kwa kuwa na lugha ya pili, tena Kiswahili anakisikia mtaani kutwa. Mimi ningeacha herufi kabisa mpaka shule ianze.

Mwalimu Mstaafu

Baba wa Likoni, marahaba. Mlezi, la bibi umenena vyema na nakubali lingepaswa kutangulia. Hilo la kuacha herufi kabisa silikubali. Darasa la awali linaweza kuwa na watoto wengi sana kwa mwalimu mmoja, na yule ambaye sikio lake halijazoea kutenganisha sauti ndiye anayebaki nyuma kimyakimya, akiitikia pamoja na wenzake bila kufuata, na mwalimu asigundue mpaka muhula umeyoyoma. Dakika kumi za makofi na sinia la mchanga hazimwibii mtoto hadithi ya bibi.

Mzazi wa Kihonda

Nawashukuru sana. Mwalimu, shikamoo. Mchana tutafanya makofi ya silabi na kazi ya mikono, hesabu nitaitia kwenye kuandaa chakula, na jioni nitamwachia bibi. Bango la herufi nimelitoa ukutani kwa sasa. Limebaki jambo moja: binti hutumia mkono wa kushoto kwa karibu kila kitu, na bibi yake humwondolea kitu mkononi na kumhamishia kulia. Kwenye kuandika nimwache au nimzoeze wa kulia mapema?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Mwache wa kushoto. Kumbadilisha kwa nguvu humchelewesha na kumfanya aione penseli kama adui. Na bibi mnaweza kuelewana hivi: kula na kupokea vitu kwa watu kufuate desturi ya nyumba, kwa upole, lakini kuandika, kuchora na kukata kuwe kwa mkono anaouchagua mwenyewe. Atakapofika kwenye karatasi, iinamishwe kidogo kuelekea kulia na iwekwe upande wa kushoto wa kifua chake, ili mkono usizibe anachokiandika, naye ashike penseli juu kidogo kutoka kwenye ncha. Mwanga utoke upande wake wa kulia. Siku ya kumwandikisha shule mwambie mwalimu wa awali jambo hili, na umwombe amkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, asigongane viwiko na jirani anayeandika kwa mkono wa kulia.