Siku nzima ya redio ya 1939: walirekodi aje na kanda hazikuwepo?

mlinzi_wa_godauni

Wasee habari za jioni. Mimi nafanya shifti ya usiku kwa godauni moja huku Industrial Area, kumi na mbili mpaka kumi na mbili, na simu ndio mwenzangu. Wiki jana nikaangukia rekodi moja kwa intaneti, siku nzima ya redio, na nikisema nzima namaanisha nzima, kutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa saba usiku. Stesheni inaitwa WJSV ya kule Washington, tarehe ni 21 Septemba 1939. Masaa kumi na nane na nusu. Nimeimaliza kwa shifti tatu nikiwa na chai ya thamosi.

Asubuhi kuna jamaa anaitwa Arthur Godfrey, anaongea pole pole kama mtu ameamka saa hiyo hiyo na hajanawa uso, anacheza santuri, anataja saa, akifika kwa tangazo la biashara analichekelea kwanza ndio alisome. Mimi nilidhani hiyo mchezo imeanzishwa na hawa wetu wa FM wa asubuhi, kumbe wapi. Halafu kutoka hapo kwenda mchana ni michezo ya kuigiza, dakika kumi na tano inaisha ingine inaingia, mama analia, bwana amepotea, kinanda kinanguruma, sabuni, mwingine analia, sabuni tena. Mchana Roosevelt anahutubia bunge lao, nikajua basi anatangaza vita. Baadaye waziri mkuu wa Ufaransa anaongea kutoka Paris, alafu mechi ya baseball ya Washington na Cleveland, hapo nililala kidogo, msinichome kwa supavaiza.

Sasa maswali. Moja, walirekodi aje masaa yote hayo na kanda za kaseti hazikuwa? Mbili, ile michezo ni kweli walikuwa wanaigiza papo hapo ama walikuwa wamerekodi mapema? Tatu, hiyo siku hapa Nairobi mtu akifungua redio angesikia nini?

Na la mwisho halihusiani sana. Guka, yaani babu yangu, aliniachia redio ya mbao, ina kitambaa mbele na kioo cha kutafuta stesheni kimeandikwa majina ya miji, London, Paris, Hilversum. Hilversum ni wapi? Na naweza kuichomeka kwa soketi nione kama inaamka?

FundiLuthuli

USICHOMEKE. Naanza na hilo kabla sijasema kitu ingine.

Redio ya umri huo ndani kuna kapasita za karatasi na nta, zimekaa miaka sitini zinavuja, ukiweka volti 240 za soketi moja kwa moja kitu ya kwanza ni harufu, ya pili ni moshi, ya tatu transfoma imeungua na hiyo transfoma hautaipata Luthuli wala River Road wala kwa mungu. Kwanza zinabadilishwa kapasita, alafu tunaiamsha polepole kwa balbu imefungwa kwa laini, balbu ikiwaka sana ujue kuna shoti ndani, ikififia basi endelea. Vali zenyewe, zile kama balbu za glasi ndani, mara nyingi ziko sawa, zile ni ngumu kama wazee wenyewe. Ukiwasha ngoja karibu nusu dakika zipate moto, usianze kuipiga makofi ati imekataa.

Hilversum ni mji wa Uholanzi, stesheni zao zilikuwa huko. Redio za Ulaya ziliandikwa majina ya miji kwa sababu mtu alitafuta mji, hakutafuta namba.

Sasa rekodi. Walitumia sahani. Si santuri ya kununua dukani, ni sahani ya alumini imepakwa laka, upana wake inchi kumi na sita, yaani kubwa kuliko sinia ya pilau ya watu wanne, inazunguka mara thelathini na tatu na kidogo kwa dakika. Sindano haisomi, inachimba. Inachimba mfereji sauti ikiingia, na kile inachochimba kinatoka kama uzi mweusi mwembamba unajikunja kunja, mtu amesimama hapo na brashi anaufagia usirudi chini ya sindano, na huo uzi ukikutana na sigara unawaka fyuu, kwa hivyo kuvuta fegi hapo ni ujinga. Upande mmoja wa sahani ni kama dakika kumi na tano. Piga hesabu mwenyewe, masaa kumi na nane na nusu ni pande sabini na nne. Na lazima mashine ziwe mbili, hii ikikaribia kuisha ile ingine imeshaanza, la sivyo unapoteza maneno katikati.

Kanda zilikuwepo lakini Ujerumani, kampuni ya AEG ilionyesha mashine yake Berlin 1935. Wamarekani waliishika vizuri baada ya vita.

Nimewahi kushika sahani moja ya hivyo, mteja aliiletea fundi mwingine hapa akidhani ni kifuniko cha kitu. Laka ilikuwa imeanza kumenyeka kama rangi ya kucha. Ukiona hivyo hakuna kitu utaokoa, sauti iko kwa hiyo laka, ikianguka sauti imeanguka nayo.

kamaa254

masaa kumi na nane ya sabuni na bado unauliza maswali 😂 si ungelala tu bro

MamaBiko_Donholm

Kamaa wacha kijana wa watu, wewe si unasikiliza podikasti ya masaa matatu ya watu wakibishana kuhusu Arsenal.

Mlinzi, ile michezo ni laivu. Kila siku, kila mmoja. Mitandao mikubwa ya redio ya Marekani, CBS na NBC, ilikuwa na msimamo kwamba hewani haiendi kitu kilichorekodiwa, na walishikilia hivyo mpaka vita ikaisha. Stesheni ndogo za mtaani ndio zilicheza santuri, ndio maana huyo Godfrey wa asubuhi anacheza, hiyo ilikuwa shoo ya stesheni yenyewe si ya mtandao. Lakini mchezo wa saa tano mchana ni waigizaji wamesimama kwa maiki na makaratasi mkononi, wanayaangusha sakafuni moja moja yasifanye kelele, na yule wa kinanda pembeni anawaangalia midomo. Na kuna shoo nyingi ziliigizwa mara mbili kwa siku moja, ya kwanza ya upande wa New York, alafu wanaenda wanakula, wanarudi masaa matatu baadaye wanaigiza tena vile vile kwa ajili ya California kwa sababu saa zao ziko nyuma. Wazia unalia mara mbili kwa mshahara mmoja.

Sabuni ndio iliyolipa. Kampuni haikununua nafasi ya tangazo kama siku hizi, ilinunua mchezo wote, mwandishi, waigizaji, kinanda na kilio. Mchana waliokuwa nyumbani ni akina mama, nani atauziwa sabuni kama si yeye anayefua. Ndio hata jina likabaki, michezo ya sabuni, mpaka hizi za runinga tunazolilia saa moja jioni zinabeba jina la kitu ambacho hakipo ndani.

Mimi nilikua na mchezo wa redio kwa Sauti ya Kenya, mama yangu alikuwa anasimamisha kupepeta mchele, ungo mkononi hivi, mpaka mtu afungue mlango kwa redio ndio aendelee. Kitu kimoja nilijifunza baadaye ni kwamba moto unaosikia kwa redio mara nyingi si moto, ni mtu anakunja kunja ile karatasi ya nailoni ya biskuti karibu na maiki. Jaribu hapo godauni.

Kwa hiyo rekodi kuna kitu moja iliniudhi. Saa moja jioni kuna mchezo wa kuchekesha, Amos 'n' Andy. Hao ni wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, wanaigiza sauti za watu weusi, wameifanya tangu 1928 na Marekani nzima inacheka. Mimi nilisikiliza dakika mbili nikaruka. Sijui wewe.

mlinzi_wa_godauni

Mama Biko mimi hata sikujua ni wazungu! Nilidhani ni watu wetu wa kule. Sasa imeniharibikia. Na hiyo ya karatasi nimejaribu na ya mandazi ya mtaa, mbwa ameamka.

FundiLuthuli asante, nilikuwa nimeshashika plagi mkononi aki.

Mwalimu_Mstaafu

Kijana pole na kazi. Nijibu lile la tatu, na nikusahihishe kidogo kwanza.

Roosevelt siku hiyo hakutangaza vita. Vita ilikuwa na wiki tatu, Ujerumani iliingia Poland tarehe 1 Septemba, Uingereza na Ufaransa zikatangaza tarehe 3, lakini Marekani ilikuwa pembeni na iliendelea kuwa pembeni zaidi ya miaka miwili. Alichoomba bungeni ni waondoe marufuku ya kuuza silaha, ili Waingereza na Wafaransa waweze kununua, walipe taslimu na wabebe kwa meli zao wenyewe. Alikubaliwa Novemba. Na kama ulisikiliza taarifa za habari vizuri, hukulala, utakumbuka habari ya Rumania, kwamba waziri mkuu wao Călinescu ameuawa. Ni siku hiyo hiyo. Ndio utamu wa kitu kama hiki, mtu anauliwa Bucharest, halafu sabuni, halafu mpira, na hakuna aliyekaa kupanga kwamba hii itakuwa historia na ile itakuwa takataka. Stesheni iliamua tu kurekodi siku moja nzima na seti ikapelekwa kwenye Nyaraka za Taifa lao.

Sasa Nairobi. Redio ilikuwepo, tena mapema. Matangazo yalianza hapa 1928 chini ya British East African Broadcasting Company, na kazi kubwa ilikuwa kudaka BBC kutoka London na kuirusha tena. Kufika 1939 stesheni ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Cable and Wireless, na haikuwa ikisema na sisi. Ilikuwa ya masetla, kwa Kiingereza, habari za kwao na muziki wa kwao, mtu akae verandani Karen au Nakuru asijisikie yuko mbali. Huko London kwenyewe BBC ilifungua ile huduma ya himaya Desemba 1932, na Krismasi mwaka huo Mfalme George wa tano akaongea kwa masafa mafupi.

Masafa mafupi ndiyo siri ya yote. Yale mawimbi hayafuati ardhi, yanapanda juu angani, yanagonga tabaka la hewa lenye umeme, yanarudi chini maelfu ya maili mbele. Jua likitua tabaka linabadilika, kwa hiyo stesheni iliyosikika mchana inapotea, na nyingine inaibuka. Kwa hiyo mzungu wako na redio yake alikuwa anahama masafa mchana na usiku kama mfugaji na malisho.

Mwafrika aliingia kwa sababu ya vita hiyo hiyo. Vijana wetu wamechukuliwa King's African Rifles, jeshi la mkoloni, wengine wakaishia Burma, na serikali ikaona haiwezi kuwaacha watu nyumbani wanasikia habari za vita kwa uvumi wa sokoni. Hapo ndipo Kiswahili na lugha zetu nyingine zikapewa vipindi. Huduma kamili ya Waafrika ilikuja 1953, wakati wa hali ya hatari, na huwezi kuniambia hilo lilitokea kwa bahati. Sauti ya Kenya ni 1964.

Jambo dogo la kuwachekesha. Mwaka 1939 saa ya Nairobi haikuwa mbele ya Greenwich kwa masaa matatu kama leo. Ilikuwa masaa mawili na dakika arobaini na tano. Kwa hiyo hata kama ungemsikia Roosevelt laivu ungehitaji kalamu.

Mimi redio ya kwanza niliiona dukani kwa Mhindi, huko kwetu Machakos, miaka ya hamsini. Ilikaa juu ya rafu ya majani ya chai na hatukuruhusiwa kupita kaunta. Tulijaa barazani. Mtangazaji akikohoa mzee mmoja alikuwa anamwambia "pole." Kila siku.

kamaa254

haya hapo kwa pole umeniweza mwalimu. guka yangu alikuwa anaanika mawe ya redio, yaani betri, juu ya bati yapate jua, ati yamechoka yanapumzika. na yalikuwa yanarudi kweli kidogo! fundi hiyo ni uchawi ama

FundiLuthuli

Si uchawi. Joto linaamsha kemikali zilizobaki ndani, unapata taarifa ya habari moja, ukiwa na bahati na salamu kidogo. Alafu yanaanza kutoa maji na yanakula springi za redio yote. Nimesafisha hizo springi maisha yangu yote, guka yako amenilishia watoto.

Zile za zamani zaidi mashambani ndio zilikuwa kazi. Betri mbili tofauti, moja ya maji na asidi kama ya gari ya kupasha vali moto, ingine kavu kubwa ya volti tisini kwenda juu. Ya asidi ikiisha inabebwa kwa baiskeli mpaka mjini ichajiwe, inarudi kesho yake, suruali imetoboka. Alafu waya wa eriali kutoka mti mpaka mti, na waya wa ardhini umefungwa kwa bomba limezikwa mahali penye maji maji. Mlinzi, ya guka yako iko na waya huo? Angalia nyuma, mashimo mawili, moja A ya eriali, moja E ya ardhini.

mlinzi_wa_godauni

Mwalimu asante sana, heshima yako. Nimerudi nyuma kwa rekodi nikasikiliza tena taarifa za habari, ya Rumania ipo kweli, mara ya kwanza ilipita nikimimina chai.

Fundi mashimo yapo. Ile ya E ilikuwa na waya mrefu mzuri wa kopa, lakini nilipokuwa kidogo niliukata nikafungia mbuzi. Guka alinichapa na sikujua ni kwa nini, nilidhani ni sababu ya mbuzi. Jumamosi niko ofu, naileta.

FundiLuthuli

Waya nitakupa. Njoo kabla ya saa nne, baadaye hapa hapapitiki. Na usiibebe kwa boda, hizo vali ni glasi, panda matatu uishike kwa magoti.