Malezi chanya: yanajenga akili au tunafuga watoto wajeuri?

Baba Nasra: Wakuu, kwenye kikao cha wazazi afisa ustawi katuambia mtoto akikosea umuulize kilichotokea na atarekebishaje, usikimbilie fimbo. Eti hapo ndipo anajifunza kufikiri na kutawala hasira. Wangu wa miaka mitano kamwaga uji kwenye kochi. Nikamuuliza kwa upole. Kanijibu: "Kochi limesogea." Mnasemaje?

Ngosha: Huyo akili imeshajengeka, mpeleke bungeni. Sisi tulichapwa na tuko salama.

Binti Tanga: Uko salama halafu unakesha humu kutukana watu usiowajua?

Ngosha: Nimemtukana nani? Weka ushahidi.

Mwl. Darasa la Pili: Shuleni kanuni inasema viboko visizidi vinne, mwalimu mkuu aidhinishe, viandikwe kitabuni. Nani anaandika? Mtoto aliyezoea kuchapwa ukimuuliza saba jumlisha tano, anatazama mkono wako kwanza, ubao baadaye. Akili yote iko kwenye kukwepa. Na akipigwa kikumbo mapumziko, naye anajibu kwa ngumi.

Kipanga: Kenya walifuta viboko shuleni 2001. Mabweni yanachomwa mpaka leo.

Wa Nakuru: Kaka, usitufanye mfano. Viboko havikuisha, vilihamia nyuma ya staffroom. Hao wanaochoma wamechapwa vizuri tu.

Mama Watatu: Mnabishania malezi na wengi wenu mnarudi nyumbani watoto wamelala. Mtoto wa Kipanga analelewa na dada wa kazi. Semina angepewa dada.

Kipanga: Dada wetu anakula tunachokula. Usiniingize.

Mama Watatu: Unamlipa ngapi?

Kipanga: Hiyo inahusiana vipi na mada?

Ngosha: Jibu swali mkuu.

Binti Tanga: Anaamka saa kumi na moja, anafua, anapika, halafu umtake achuchumae amuulize mtoto "unajisikiaje"? Hata mimi ningetafuta mwiko.

Mwl. Darasa la Pili: Jamani, mada ilikuwa watoto.

Kipanga: Tulikubaliana na mama yake kule kijijini. Hela naituma kila mwezi.

Mama Watatu: Unaituma kwa mama? Kwani dada ana miaka mingapi?

Kipanga: Sasa tumehamia kituo cha polisi?

Ngosha: Mkuu, hili nalo hujalijibu.