Wenye nyumba wa Arusha, mnasubiri tufe ndipo mtengeneze madirisha?

Wakuu, leo nimechoka. Nimepanga Kaloleni, nyumba ya zamani, kodi ya miezi sita natoa kwa mkupuo bila kuchelewa. Nikimgusia mwenye nyumba habari ya milango na madirisha, jibu ni lile lile: "Hiyo ni mninga, siku hizi hampati mbao kama hizo." Mninga gani umeliwa na mchwa mpaka bawaba inaning'inia kwa skrubu moja?

Dirisha la chumba cha watoto limepigiliwa misumari. Alilipigilia yeye mwenyewe wezi walipopita mtaani, maana komeo lilishakufa na jipya hakutaka kununua. Nje kuna nondo zimechomelewa moja kwa moja. Moto ukianza usiku watoto wanatokea wapi? Mlangoni? Masika ikianza mlango wa chumba hicho unavimba, haufunguki mpaka uusukume kwa bega. Mtoto wa miaka sita ana bega gani? Hata zimamoto ukiwapigia 114 wakafika upesi, watakutana na nondo.

Sebuleni madirisha ni ya luva, vile vipande vya vioo vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Vishikio vimeliwa na kutu, upepo ukivuma vioo vinagongana. Juzi kimoja kimechomoka, kimemchana mdogo wangu mkono akifagia, kashonwa. Mzee akaleta boksi na soletepu tuzibe. Boksi, na kodi yake kala!

Halafu kuna hili la baridi. Mwezi wa sita na wa saba mnaujua huku kwetu. Fremu zimepinda, upepo unaingia mpaka kitandani, basi watu wanaziba nyufa kwa matambara na kuingiza jiko la mkaa ndani. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayokamata damu mahali pa oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki. Jiko la mkaa lisilale ndani hata siku moja, hilo sibishani na mtu. Lakini watu wakikutwa wamekufa tunalaumu jiko tu, hakuna anayeuliza kwa nini waliziba dirisha.

Wavu wa mbu sitaji, ulishabaki uzi uzi.

Rangi ndiyo inayoninyima usingizi. Inabanduka magamba kwenye kizingiti cha dirisha, na mtoto mdogo kabisa anaokota anatia mdomoni. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, yanayoharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Nikaomba ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa maji. Akaletwa kijana akapiga msasa mkavu, vumbi likatua kwenye shuka na vyombo. Tulihamia kwa shemeji.

Na msiniambie "hama". Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka anayepangisha nyumba ya kuishi aitunze iwe inafaa kuishi binadamu muda wote wa upangaji. Nimeshaandika barua, nakala moja kwa mwenyekiti wa mtaa, na picha za kila dirisha. Nadai misumari ing'olewe, nondo za chumba cha watoto ziwekwe bawaba zifunguke kwa ndani, na luva zote zitolewe. Aliyewahi kumfikisha mwenye nyumba mbele kwa jambo kama hili aniambie alianzia wapi. Kodi inaisha mwezi ujao, na mzee ameshaanza kupiga simu.