Aliyeondoka wakati wa mapumziko ametuandikia jinsi mchezo ulivyoisha

Binti wa Kambi (mleta mada):

Wanajukwaa, nawasalimu, ingawa ninaandika mikono ikinitetemeka. Asubuhi hii nimesoma uhakiki wa ule mchezo wa nyimbo uliorudishwa jukwaani hapa Kampala baada ya miaka mingi, na aliyeuandika ni yule yule ambaye sote tunamjua, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Kofia yake mnaijua, na kiti chake cha safu ya tatu, ambacho hajawahi kukilipia hata shilingi moja, mnakijua pia. Ameandika kwamba mchezo "unaishia kwa harusi kama kila mtu alivyotarajia", na kwamba wazee waliolia mwishoni walikuwa wakiulilia ujana wao wenyewe.

Mchezo hauishii kwa harusi! Kila aliyekaa hadi pazia likafungwa anajua kwamba harusi haipo. Mkeka wa bibi harusi unabaki mtupu katikati ya jukwaa, taa zote zinazimwa isipokuwa tadoba, yaani kibatari, moja iliyowekwa kando yake, na ngoma ambazo zimerindima tangu mwanzo zinanyamaza. Yeye hakuyaona hayo kwa sababu aliondoka wakati wa mapumziko, na ninasema hivyo kwa sababu nilikuwa pale alipoondoka.

Nilikuwa nimetoka kumnunulia mama chai. Nilipokuwa nikirudi na kikombe, yeye alikuwa akielekea langoni, funguo za gari zikining'inia kidoleni, simu sikioni, akimwambia mtu wa upande wa pili amwekee paja la mbuzi kwa sababu anakuja sasa hivi. Kiwiko chake kiligonga kikombe changu, chai ikanimwagikia mkono mzima wa gauni. Alisema "pole" bila kugeuza shingo, akaingia garini, akaondoka. Doa la chai bado lipo. Kengele ya sehemu ya pili ililia nikiwa ninajifuta, na kiti chake cha safu ya tatu kilikuwa kitupu, kitupu kama ule mkeka ambao hakuuona.

Hata hiyo sehemu ya kwanza hakuitazama ipasavyo. Mwanga wa simu yake ungewatosha wavuvi wa mukene, wale dagaa wa ziwani, pale Ggaba usiku kucha. Sisi wa safu ya sita tulisoma jumbe zake zote bila miwani.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili limenichoma. Mama yangu aliutazama mchezo huu kwa mara ya kwanza akiwa bibi mchanga, katika miaka ile ambayo maonyesho yalichezwa mchana ili watu wafike makwao kabla ya giza, na aliyemnunulia tiketi ni baba, askari polisi, ambaye sasa hayupo. Tulikulia kambini Nsambya, nyumba yetu ikizungumza Kiswahili, lakini nyimbo za mchezo ule mama alizijua zote kwa Kiluganda, na alituimbia akifua nguo. Safari hii nilimnunulia tiketi mimi. Katika sehemu ya kwanza alicheka wimbo wa mahari mpaka akashika mbavu, kama ukumbi mzima ulivyocheka. Kisha mwishoni wimbo ule ule ukarudi, maneno yale yale, polepole, bila ngoma hata moja, ukiimbwa na mzee ambaye binti yake hakurudi kutoka mjini. Mama aliupapasa mkono wangu gizani, akaushika, na watazamaji walipoanza kuita majina ya watu wao, kama jukwaa linavyowaomba wafanye, nilimsikia akilitaja jina la baba. Alilitaja mara moja tu, kwa sauti ndogo.

Mama yangu ndiye mzee ambaye, kwa mujibu wa bwana wa paja la mbuzi, alikuwa akiulilia ujana wake.

Katika mchezo wa nyimbo, wimbo unaochekesha mwanzoni hupandwa makusudi ili urudi mwishoni ukiwa na uzito mwingine. Anayeondoka wakati wa mapumziko ameshuhudia upandaji, na mavuno hayajui. Na haya anayafanya katika mji huu, ambamo Byron Kawadwa, baada ya kuupeleka mchezo wake Oluyimba lwa Wankoko kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika na watu weusi, kule Lagos mwaka 1977, alikamatwa na kuuawa mwaka huo huo chini ya utawala wa Idi Amin. Kuna watu waliolipa roho zao kwa ajili ya jukwaa hili, na mtu mwingine anashindwa kulipa saa moja ya usiku wake. Mlio na namba ya mhariri wake, mwulizeni swali moja: ni harusi gani?

Mpenda Pazia wa Jinja:

Nnyabo, pole sana, na umfikishie mama salamu zetu. Nilikuwepo usiku huo huo na ninathibitisha kwamba kiti kile kilikuwa kitupu, kwa sababu mwanangu alikihamia baada ya mapumziko ili aone vizuri. Mtoto wa miaka kumi angeweza kuandika uhakiki wa haki kuliko ule.

Mzee wa Maktaba:

Mleta mada amegusa jambo kubwa, nami naomba niliongezee mfano. Mwaka 1981 mchezo wa nyimbo Merrily We Roll Along, ambao nyimbo zake zilitungwa na Stephen Sondheim, ulifunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo za New York, ukafungwa baada ya maonyesho 16 tu. Wahakiki wengi waliupiga vibaya, na watazamaji walikuwa wakitoka ukumbini kabla haujaisha. Hadithi yake inakwenda kinyumenyume: inaanza na marafiki waliokwisha kuharibikiana na kuchukiana, inarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, na inamalizikia juu ya paa la nyumba mwaka 1957, wakiwa vijana, wakiitafuta angani Sputnik, ile setilaiti ya kwanza, wakiamini kwamba watafanya makubwa. Anayeondoka katikati anabaki na uchungu peke yake na hajui ni kitu gani kilichopotea. Uliporudishwa Broadway mwaka 2023 watu walikaa hadi mwisho, na mwaka 2024 ukapewa Tony, tuzo kubwa ya michezo ya Broadway, ya mchezo wa nyimbo bora uliorudishwa. Nyimbo nyingi zilikuwa zile zile za Sondheim.

Mkweli Mchungu:

Dada, uzi wako ni mrefu kuliko uhakiki wenyewe. Kwa kadiri ninavyosoma, ulimtazama mhakiki kuliko ulivyolitazama jukwaa: unajua kofia yake, funguo zake, simu yake, hata nyama aliyoagiza. Mtu amekumwagia chai, akasema pole, na wewe umemfungulia kesi ya mauaji ya sanaa. Fua gauni lako. Na Mzee wa Maktaba, sisi tuko Kampala, New York haituhusu.

Binti wa Kambi:

Mkweli, chai nimekwisha kuisamehe. Sijasamehe kwamba aliondoka wakati wa mapumziko kisha akatuandikia mwisho. Angeandika kwamba aliona sehemu ya kwanza na haikumpendeza, nisingefungua mdomo, kwa sababu hiyo ni haki yake. Lakini ametaja harusi. Aliitoa wapi, ikiwa mkeka ulikuwa mtupu mbele ya watu wote?

Mpiga Engalabi:

Mimi naona mnapigania mlango huku nyumba ikiungua. Mhakiki aondoke, abaki, hilo ni lake, lakini ni nani kati yenu aliyesikia kwamba ngoma zile hazikuwa ngoma? Nusu ya sehemu ya kwanza ilitoka kwenye kinanda cha umeme kilichofichwa nyuma ya pazia, na waigizaji wakaimba juu ya muziki uliorekodiwa kama watu wa karioki. Engalabi ni ngoma ndefu ya mti, yenye ngozi ya kenge iliyopigiliwa vigingi mdomoni, na mlio wake unaupata tumboni kabla haujafika masikioni. Mashine haiwezi kukupa mlio huo. Waliourudisha Broadway ule mchezo wa nyimbo uitwao Chicago mwaka 1996 waliiketisha bendi nzima juu ya jukwaa, watu wakiwaona wapigaji jasho likiwatoka, na hadi leo mchezo huo unachezwa. Sisi ambao ngoma ni zetu tumezificha, au tumezikodisha kwenye waya.

Mpenda Pazia wa Jinja:

Ni kweli kabisa. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini katika wimbo wa mahari mikono ya mpigaji ilifika chini baada ya mlio.

Mama Watatu, Ntinda:

Naomba nami niseme langu. Tiketi ya shilingi 50,000 iliandikwa saa kumi na mbili jioni, na pazia lilifunguka saa moja na dakika arobaini. Mimi nina watoto watatu na ninategemea teksi, na anayejua kituo usiku ule unapoingia anajua nauli inavyopanda na vibaka wanavyoanza kuzunguka. Nami niliondoka kabla ya mwisho, mnisamehe, na huo mkeka mtupu nausikia hapa kwa mara ya kwanza. Niliondoka nikilia kwa hasira, kwa sababu niliusubiri mchezo huu tangu nikiwa shule. Hawa wanaochelewesha maonyesho kwa zaidi ya saa nzima bila hata kuomba radhi ndio waliotuibia mwisho, na ningependa kuona mtu akiwafungulia uzi.

Fundi wa Arua:

Mama Watatu, bora wewe uliyeelewa kilichoimbwa. Nilitoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, nikalala safarini, nikaketi humo ndani kwa muda wa saa tatu nikicheka kwa kufuata vicheko vya jirani. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza peke yake, na hakikuwa na neno hata moja la nyimbo. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi hii, na kwetu Arua tunakizungumza sokoni na nyumbani. Sidai nyimbo zibadilishwe, kwa maana uzuri wake uko katika Kiluganda chake. Nadai karatasi moja yenye maana ya nyimbo kwa Kiswahili, ili mzee alipoimba peke yake mwishoni nijue anamlilia nani. Nimejua leo, kwa kusoma uzi wa dada huyu.

Mzee wa Kanzu:

Wanangu, nimesoma yote. Mimi niliutazama mchezo huu ulipochezwa mara ya kwanza, na naomba kusahihisha. Hapakuwa na mkeka. Lilikuwa gomesi, lile vazi refu la Kiganda, la bibi harusi, limeangikwa kwenye kamba, upepo wa feni ukilitikisa. Hawa waliourudisha wamebadilisha mwisho, na hakuna mhakiki hata mmoja aliyelisema hilo, si huyo wa kofia wala wale waliousifu. Jambo hili ni kubwa kuliko yote yaliyosemwa hapa.

Binti wa Kambi:

Mzee wangu, kwa heshima zote, nimemwuliza mama sasa hivi akiwa jikoni, na anasema mkeka ulikuwepo tangu zamani, mpya, wenye mistari ya zambarau, na kwamba anaukumbuka kwa sababu baba alimnunulia wa namna hiyo wiki iliyofuata. Lakini tusiliache suala la msingi: aliyeondoka wakati wa mapumziko hakuona mkeka wala gomesi.

Mzee wa Kanzu:

Mwambie mama ninamheshimu, lakini gomesi lilikuwa la rangi ya maziwa na mabega yake yalikuwa yamesimama. Huenda mkeka ulitumika walipozunguka mikoani, kwa sababu kamba isingeweza kufungwa katika kumbi za shule.

Mpenda Pazia wa Jinja:

Jinja walicheza katika ukumbi wa shule, na shangazi yangu anasema vyote viwili vilikuwepo, mkeka chini na gomesi juu yake.

Mpiga Engalabi:

Na ngoma za kweli zilikuwepo. Mwulizeni shangazi.

Mama Watatu, Ntinda:

Kuna anayejua kama onyesho la Jumapili litaanza mchana? Nataka kurudi nione mwisho, na safari hii nitawaacha watoto kwa dada yangu.

Fundi wa Arua:

Tangazo linasema saa tisa alasiri. Fika saa kumi, utawakuta wakifunga nyaya.