Huduma ikiwa bure, kwa nini maskini bado huchelewa kufika kituoni?

Mtafiti_Mchanga:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninaandaa tasnifu kuhusu umaskini na afya katika nchi zinazoendelea, na kuna jambo moja limenikwamisha kwa wiki kadhaa. Maandiko mengi niliyoyasoma huanza na ada: kwamba tangu Mpango wa Bamako wa mwaka 1987, uliohimiza wananchi wachangie gharama za dawa na huduma, maskini wengi walijikuta nje ya mlango wa zahanati, na kwamba tiba ya tatizo hilo ni kufuta malipo. Hoja hiyo naielewa.

Kinachonisumbua ni kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bila malipo karibu katika kila mpango wa kitaifa wa kudhibiti ugonjwa huo, na hata hivyo tafiti zilizofanywa katika nchi nyingi kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba takriban nusu ya kaya zenye mgonjwa hubeba gharama zinazozidi asilimia 20 ya kipato chao cha mwaka mzima. Ni gharama zipi hizo, ikiwa vidonge havilipiwi? Na kwa nini mtu afike kituoni akiwa amekwisha kukohoa kwa miezi, ilhali mlango uko wazi? Mwenzangu wa darasani anasema jibu ni ujinga, yaani elimu ya afya haijawafikia. Mimi sijaridhika. Naomba kuwasilisha.

Muuguzi_Mstaafu:

Mwanangu, nimekaa upande wa ndani wa dirisha la kuandikisha wagonjwa kwa zaidi ya miaka ishirini, na hilo neno "ujinga" tulilitumia sana sisi wenyewe. Niliacha kulitumia siku nilipobadilisha swali. Ukimwuliza mgonjwa "mbona umechelewa?" atainamisha kichwa na kuomba radhi, kwa sababu anajua anakaripiwa. Nikaanza kuuliza, "leo umemwachia nani kazi yako?" Hapo maneno yakaanza kutoka.

Mtu anayeishi kwa kibarua hana likizo ya ugonjwa. Siku asiyofanya kazi ni siku ambayo chungu hakiinjikwi. Kuja kituoni kunamgharimu ujira wa siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi, na kama hali yake ni mbaya, nauli na ujira wa yule anayemsindikiza pia. Akishapanga foleni tangu alfajiri, huambiwa arudi kesho kuchukua majibu ya makohozi, na kesho hiyo ni ujira mwingine uliopotea. Basi hupima. Kikohozi cha wiki ya kwanza hakimzuii kubeba mzigo, kwa hiyo hununua vidonge vya kutuliza na kuendelea na kazi, na wiki ya nne anapunguza mizigo. Anakuja kwetu pale tu ambapo mwili umekataa kabisa, yaani siku ambayo kubaki kazini hakumletei tena chochote. Kwa fedha alizo nazo mkononi, hesabu yake ni sahihi kuliko zetu, ila inamfikisha kwetu mapafu yakiwa yamekwisha kuharibika na watoto wa nyumbani wakiwa wamekwisha kuambukizwa.

Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kuhusu vifo vya wajawazito, wakazigawa sababu katika ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Watu hukariri mgawanyo huo kama ngazi, wakasahau kwamba kuchelewa kwa tatu ndiko kunakozaa kuchelewa kwa kwanza. Mama aliyesikia kuwa jirani yake alifika wodini akakuta hakuna damu wala daktari hatakuwa na haraka ya kuondoka nyumbani. Ninyi watafiti mtakuja kumwandika kuwa hana elimu.

Hesabu_za_Kaya:

Namuunga mkono mama yetu hapo juu, lakini hata neno "bure" lenyewe linahitaji kuhojiwa, kwa sababu serikali inaweza kufuta ada kwa tangazo la siku moja bila kugusa gharama.

Mfano ulio wazi ni Uganda, ambayo ilifuta ada katika vituo vya umma mwezi Machi 2001. Mahudhurio yalipanda, hasa miongoni mwa maskini, na huo ni ushindi ambao haufai kubezwa. Hata hivyo Ke Xu na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, walikuta kwamba miongoni mwa maskini idadi ya kaya zilizolemewa na gharama za matibabu haikushuka. Waliona kuwa huenda dawa ziliadimika vituoni baada ya ada kufutwa, mgonjwa akawa anapewa karatasi badala ya vidonge na kwenda kununua kwa muuzaji binafsi, na huenda malipo ya chini ya meza yalichukua nafasi ya yale ya dirishani. Mwezi mmoja tu baada ya Uganda kufuta ada, yaani Aprili 2001, viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti za serikali zao kwa ajili ya afya. Nchi zilizotimiza ahadi hiyo kwa miaka mfululizo ni chache mno. Ada ikifutwa bila fedha nyingine kuingia mahali pake, deni halifutiki; linahamishiwa kwa mgonjwa kwa jina jingine.

Kuna jambo la kiufundi ambalo mwanafunzi wetu alizingatie. Taarifa ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 2 wanapata ugumu wa kifedha kutokana na malipo ya mfukoni kwa ajili ya afya. Kipimo hicho huhesabu kile kaya ilicholipa kwa huduma na dawa. Ujira uliopotea haumo, na mtu aliyeshindwa kabisa kwenda kituoni kwa kukosa nauli huonekana katika takwimu kana kwamba matibabu hayakumgharimu kitu, yaani kana kwamba mambo yake ni mazuri. Tafiti za kifua kikuu ulizozitaja zimejaribu kuujumuisha ujira huo, na ndiyo maana zinakushangaza. Si kwamba kifua kikuu ni ghali kupita maradhi mengine yote, bali ni miongoni mwa maradhi machache ambayo gharama zake zimehesabiwa hadi ndani ya nyumba.

Mbishi_Kidogo:

Kwa heshima zote, wakuu, kitu cha bure hakithaminiwi. Watu wamegawiwa vyandarua wakavulia samaki. Kiwango kidogo cha kuchangia humfanya mtu atunze alichopewa, na huwachuja wasiokihitaji. Mkiondoa kila malipo mnajenga utegemezi tu.

Hesabu_za_Kaya:

Ndugu Mbishi, hoja yako si ngeni, na bahati nzuri imekwisha kupimwa. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walifanya jaribio magharibi mwa Kenya katika kliniki za wajawazito, baadhi zikitoa vyandarua vyenye dawa bila malipo na nyingine zikiviuza kwa bei zilizopunguzwa sana. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010, bei ya takriban senti 60 za dola, ambayo ni sehemu ndogo tu ya thamani ya chandarua, ilitosha kuwafanya wanawake 60 zaidi katika kila 100 wasichukue. Waliolipa hawakuonekana kukitumia chandarua zaidi ya waliopewa. Wala bei haikuwachuja wasiokihitaji, kwa kuwa upungufu wa damu, ambao ni dalili mojawapo ya malaria, haukuwa mkubwa zaidi kwa walionunua kuliko kwa wajawazito wa kawaida wa kliniki.

Kuhusu samaki, sikatai kwamba yametokea. Lakini mtu anayekigeuza chandarua kuwa wavu anatueleza waziwazi kwamba njaa ya leo imemtisha kuliko malaria ya mwezi ujao, na ukimtoza bei njaa hiyo haitaondoka.

Mtafiti_Mchanga:

Nawashukuru sana, mama yangu na ndugu zangu. Sasa naona kwamba nilikuwa nikiitafuta gharama dirishani, wakati imo ndani ya kaya. Lakini linanizukia swali jingine: ikiwa kinachomzuia mgonjwa ni ujira na chakula, je, sekta ya afya ina la kufanya, au tusubiri uchumi ukue?

Hesabu_za_Kaya:

Kusubiri hakuna msingi. Mtaalamu wa takwimu za watu, Samuel Preston, alionyesha tangu mwaka 1975 kwamba kwa kipato kile kile watu waliishi miaka mingi zaidi kadiri karne ya ishirini ilivyosonga, maana yake maarifa na mpangilio wa huduma vina nguvu yao mbali na kipato. Sri Lanka ilipunguza vifo vya watoto na vya wazazi ikiwa bado nchi ya kipato cha chini.

Na chakula chenyewe kinaweza kuwa sehemu ya tiba. Katika jimbo la Jharkhand nchini India, jaribio liitwalo RATIONS lilifuatilia kaya 2,800 za wagonjwa wa kifua kikuu, zenye watu zaidi ya 10,000 walioishi na wagonjwa hao. Wagonjwa wote walipewa chakula cha nyongeza, ila kaya ziligawanywa katika makundi, na katika nusu ya makundi hayo mgawo wa chakula wa kila mwezi uliwafikia pia wanakaya wengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023: maambukizi yaliyogeuka kuwa ugonjwa katika kaya hizo yalipungua kwa takriban asilimia 40. Hakuna chanjo mpya iliyotumika pale. Walipewa nafaka na mikunde.

Mtafiti_Mchanga:

Hilo sikulijua. Nimelifuta katika dodoso langu swali lisemalo "ulilipa kiasi gani kituoni?" kama swali la kwanza. Sasa linaanza hivi: "Siku ulipokwenda kutibiwa, nani alifanya kazi yako?" Linafuatiwa na "Siku hiyo nyumbani mlikula mara ngapi?"

Muuguzi_Mstaafu:

Vema, mwanangu. Ongeza na "mliuza nini?", maana mbuzi au cherehani iliyouzwa hakuna atakayekutajia kama gharama ya matibabu usipoiuliza kwa jina. Na usiende kuwahoji mchana. Mchana utawakuta wale tu ambao hawakupata kibarua. Nenda jioni, wakisharudi.